Gepu ya ringi: kabla fundi hajashika tupa, muulize amepimia wapi

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Inatoa moshi wa bluu na inakula oili mpaka nimechoka kuongeza. Injini imeshushwa gereji huku Tabata, Dar es Salaam, na ringi mpya za pistoni tumenunua Gerezani. Fundi ameingiza ringi ya juu kwenye kila silinda akapima gepu, yaani nafasi kati ya ncha zake mbili: silinda ya kwanza na ya pili 0.15 mm, ya tatu 0.20, ya nne 0.45. Anasema tufunge hivyo hivyo, kwa sababu gepu ikiwa ndogo kompresheni inakuwa kali. Jamaa yangu mwenye gereji Buguruni anasema zile tatu zikatwe kwa tupa. Nimsikilize nani?

JIBU: Jamaa yako wa Buguruni yuko karibu na ukweli, ila naye ana haraka. Usifunge hizo ringi, na usizikate bado. Vipimo ulivyoandika vina habari ambayo hakuna aliyeisoma kati yao.

Nianze na hoja ya fundi wako, kwa sababu naisikia sana mjini hapa. Ringi ni chuma, na chuma kikipata moto kinarefuka. Silinda ya 1NZ ina kipenyo cha 75 mm, kwa hiyo ringi ikikaa ndani ina urefu wa karibu 236 mm kuzunguka. Tuseme injini imepata moto na ringi ya juu ina joto la 100°C zaidi ya ukuta wa silinda. Kwa chuma cha kawaida cha ringi, hapo imerefuka karibu 0.26 mm. Wewe umeiachia 0.15. Ncha zitakutana, na zikishakutana ringi haina tena pa kwenda isipokuwa kujisukuma nje kwenye ukuta. Itakwangua silinda, itapandisha joto zaidi, na kwa kuwa joto linairefusha tena, itajibana mpaka ivunjike au ing'oe ukingo wa mfereji wa pistoni. Yote hayo yanaweza kutokea siku moja ukiwa kwenye foleni ya Mandela, feni imegoma na mshale wa temperecha unapanda.

Gepu ikizidi kidogo, hasara yake ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo. Gesi inayopita hapo inapita kwenye kidirisha chembamba kati ya pistoni na ukuta, na kuongeza 0.05 au 0.10 mm hutaisikia barabarani. Ndiyo maana mtu wa injini akiwa na shaka anaegemea upande wa gepu kubwa.

Kanuni ya kawaida kwa injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.004. Kwa 75 mm unapata 0.30 mm kwa ringi ya juu. Ringi ya pili iachie zaidi kidogo, 0.35 hivi, ili presha iliyoponyoka ringi ya juu isinaswe katikati ya ringi mbili na kuinyanyua ile ya juu kutoka kwenye kikalio chake. Injini yenye tabo inataka zaidi ya hapo kwa sababu joto lake ni kubwa. Kitabu cha injini, au karatasi iliyomo kwenye boksi la ringi, ikisema tofauti na kanuni hii, fuata kitabu. Na mwambie fundi aangalie vizuri fila yake, zile bleti nyembamba za kupimia gepu. Bleti nyingi zina namba za inchi na za milimita pamoja, na .012 ya inchi ndiyo 0.30 ya milimita. Nimeona watu wakigombana juu ya gepu moja huku kila mmoja akisoma upande wake.

Sasa vipimo vyako. Silinda haipungui kwa kutembea, inapanuka. Injini iliyotumika, ikivishwa ringi mpya za standadi (saizi ya kiwandani), ingetakiwa kuonyesha gepu ya kawaida au kubwa kuliko kawaida. Wewe una silinda tatu zenye gepu ndogo. Kwa nini?

Swali la kwanza kumuuliza fundi ni amepimia wapi. Juu kabisa ya silinda kuna sehemu ambayo ringi haifiki, kwa hiyo haichakai, na kaboni hujijenga hapo. Kila badiliko la kipenyo linaingia kwenye gepu likiwa limezidishwa kwa 3.14. Kaboni ikipunguza kipenyo kwa 0.05 mm tu, gepu inapungua karibu 0.16. Kwa hiyo inawezekana kabisa hizo 0.15 ni uchafu tu. Silinda isafishwe, ringi iingizwe kwa mkono, kisha isukumwe kwa kichwa cha pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa bila kulala upande. Apimie chini, pale safari ya ringi inapoishia, kwa sababu ndipo silinda imechakaa kidogo na gepu ni ndogo kuliko kwingine. Ringi ikipona hapo, itapona safari nzima. Kisha apandishe ringi ile ile mpaka sentimita mbili hivi kutoka juu, penye uchakavu mkubwa, apime tena. Tofauti ya gepu hizo mbili agawe kwa 3.14, atajua silinda imepanuka kiasi gani juu kuliko chini. Mtu asiye na geji ya silinda ana fila mfukoni, na inamtosha kugundua tatizo.

Halafu achukue ringi moja, aipitishe silinda zote nne kwa kina kile kile. Hapo tunaondoa tofauti za ringi zenyewe. Kama silinda ya nne bado inazidi ya kwanza kwa 0.30, basi imepanuka karibu 0.10 mm kuliko mwenzake, na moshi wako wa bluu una anwani. Ringi mpya hazitatibu hiyo. Peleka bloku kwa watu wa mashine waipime kwa geji, na uwaambie mapema kwamba bloku ni ya alumini yenye laina nyembamba za chuma, si bloku nene ya zamani ya kuchongwa bila kufikiri. Wakikupa hesabu ya slivu (laina mpya) na pistoni, ilinganishe na bei ya injini iliyotumika kutoka Japani kabla hujakubali. Mara nyingi injini ya mtumba inashinda, ingawa sisi mafundi hatupendi kusema hivyo.

Kuna mchezo mmoja uukatae ukitajiwa: kununua ringi za 0.50, yaani za silinda iliyochongwa ikaongezeka 0.50 mm, kwa silinda ya standadi iliyochakaa, kisha kuzikata mpaka ziingie. Ringi hiyo inazidi kwa karibu 1.57 mm kuzunguka. Ukiikata inaingia, lakini umbo lake ni la silinda nyingine, haigusi ukuta kote. Weka balbu chini yake uone mwanga unavyopenya. Hata boksi lako la Gerezani liangalie kama limeandikwa STD (standadi) kweli, maana gepu ndogo inaweza kuanzia hapo.

Kama kila kitu ni safi, ringi ni STD, na gepu ya chini bado ni 0.15, ndipo tupa inaruhusiwa. Tupa laini ibanwe kwenye jiliwa, ringi ndiyo iende kwenye tupa. Kata ncha moja tu, nyingine ibaki kuwa kipimo cha unyoofu. Msuguo utoke uso wa nje kuelekea ndani, kamwe usirudishe, la sivyo kromu ya usoni inabanduka. Mikwaruzo miwili, pima, mikwaruzo miwili, pima. Malizia kwa kinoo kuondoa makali, na kila ringi irudi silinda yake. Kwenye ringi ya oili, ule mkunjo wa katikati haukatwi. Ncha zake zigusane bila kupandana.

Wakati wa kufunga, alama kwenye ringi itazame juu, na gepu za ringi zisipangwe mstari mmoja. Nitumie vipimo vipya vya silinda ya nne, vya chini na vya juu, kabla hujalipa mtu wa mashine.