Usisubiri aanguke

Zege halilali, ndivyo tunavyosema sisi mafundi, na siku ya kumwaga slabu hakuna anayekaa. Februari mwaka juzi, joto likiwa kali, kwenye nyumba moja kule Goba, Dar, saidia fundi wangu alianza kubeba karai nusu. Nikamkaripia aache uvivu. Kufika saa saba mchana ananijibu polepole, sauti imechoka. "Nipo vizuri fundi, njaa tu." Nikamshika mkono: umelowa jasho, halafu wa baridi. Mara akatapika.

Ule niliouita uvivu ndio ulikuwa dalili, na hilo linaniuma mpaka leo. Mwili ukizidiwa na joto, mtu anachoka kupita kawaida, kichwa kinauma, anaona kizunguzungu akiinuka, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Mkojo unakuwa kidogo, wa rangi ya chai. Mwenyewe atasema ni njaa, kwa hiyo mwangalie wewe.

Hapa Dar wakati wa kaskazi jasho linatiririka, lakini hewa ina unyevu, halikauki, basi halikupozi. Dodoma nilikuta kinyume: upepo mkavu, jasho linakauka kabla hujaliona, mtu anajiona yuko sawa huku fulana ina michirizi myeupe ya chumvi. Ukiiona hiyo michirizi, jua maji mengi yameshamtoka.

Yule kijana tulimlaza chini ya mwembe, miguu juu ya mfuko wa saruji, tukamvua buti na fulana, tukamlowesha shingoni na kwapani, mmoja akimpepea kwa kipande cha boksi. Tukamnywesha ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji, kidogo kidogo. Nusu saa haikuisha, akapata nafuu. Nilimrudisha kwao na posho yake yote.

Angekuwa hajapata nafuu kwa muda huo, ilikuwa hospitali. Ila mtu akiweweseka, asijue alipo, akazimia au akapata degedege, usihesabu dakika. Joto la mwili huenda limefika nyuzi 40, na hapo ubongo unaumia. Mkimbizeni hospitali huku mnammwagia maji, hata kama bado anatoka jasho. Asiyejitambua msimnyweshe kitu, kitampalia.

Siku hizi zege tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo ya maji ya kunywa inakaa palepale kwenye mashine. Nikimwona mtu amebeba karai nusu, namwita kivulini kwanza, ndipo namuuliza.