Maswali ya wasomaji: Fomu 34A, seva, na ukaguzi unaoaminika

Mhariri, mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi ya Kenya, IEBC, iliweka picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila kituo, kwenye tovuti yake kila mtu azione. Mimi na wenzangu tunataka kuzikagua wenyewe mwaka 2027. Tuanzie wapi, na tukikuta kosa tumekuta wizi? (Msomaji, Kakamega)

Anzieni mlangoni mwa kituo. Kanuni zinamtaka msimamizi wa kituo awape mawakala wa wagombea nakala za fomu na abandike nyingine mahali pa wazi. Ipigeni picha hiyo iliyobandikwa: pembe zote nne zionekane, nambari ya fomu isomeke, taa ya simu isimulike tarakimu. Msipokuwa na picha hiyo, kazi yenu kwenye tovuti itakuwa kuhakiki hesabu tu. Hamtakuwa na njia ya kujua kama karatasi iliyofika kituo cha taifa cha kujumlisha kura ndiyo iliyojazwa pale shuleni.

Hakikisheni pia kwamba mnalinganisha kituo kimoja. Shule moja huwa na vituo kadhaa, kila kimoja na fomu yake, na kinachovitofautisha ni tarakimu mbili za mwisho za nambari ya kituo. Malalamiko mengi ya "fomu mbili tofauti za kituo kimoja" huishia hapo.

Sasa hesabu. Jumlisheni kura za wagombea wote: lazima zilingane na jumla ya kura halali iliyoandikwa. Ongezeni kura zilizokataliwa: jibu lisizidi wapiga kura walioandikishwa pale, na mwaka 2022 kituo hakikuruhusiwa kuwa na zaidi ya 700. Kisha tafuteni Fomu 35A ya ubunge ya kituo hicho hicho. Kila mpiga kura hupewa karatasi sita, kwa hiyo idadi ya waliopiga kura inapaswa kukaribiana. Tofauti ya kura mbili tatu ni ya kawaida, kwa sababu wapo wanaotumbukiza karatasi kwenye sanduku lisilo lake na wapo wanaoondoka nayo mfukoni. Kura themanini zikizidi kwa urais peke yake, hapo ulizeni.

Mkikuta tofauti kati ya karatasi ya mlangoni na mstari wa kituo hicho kwenye Fomu 34B, inayojumlisha vituo vya eneo bunge, igawanyeni kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda karani amegeuza tarakimu: 153 ikawa 135, tofauti 18. Kosa jingine la uchovu wa saa tisa usiku ni kuruka mstari, kura za mgombea mmoja zikaandikwa mbele ya jina la anayemfuata. Tarakimu iliyoandikwa juu ya nyingine (1 ikawa 7, 4 ikawa 9) bila saini pembeni ni jambo zito zaidi.

Kuhusu wizi, tazameni mwelekeo wa makosa kabla ya wingi wake. Mwaka 2022 Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141 na Odinga 6,942,930. Tofauti hiyo ya 233,211 ukiigawa kwa vituo 46,229 ni kama kura 5 kwa kituo. Makosa ya uchovu huangukia pande zote na mengi hufutana. Yakimfaa mtu mmoja kituo baada ya kituo, mnayo hoja. Ndiyo maana msichague vituo mnavyovishuku. Chagueni kwa bahati nasibu. Kama fomu moja katika kila mia imechezewa, sampuli ya fomu 300 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima ina uwezekano wa asilimia 95 wa kunasa angalau moja. Fomu 300 za ngome ya mtu mmoja hazithibitishi lolote kuhusu nchi.

Mhariri, "seva zifunguliwe" ilikuwa wimbo wa 2017 na wa 2022. Mbona mara ya kwanza uchaguzi ulifutwa na mara ya pili ukaidhinishwa? (Msomaji, Nairobi)

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru walalamishi waruhusiwe kuona, bila kugusa, kumbukumbu za seva, kompyuta zinazopokea na kuhifadhi matokeo: nani aliingia, lini, akafanya nini. IEBC haikutii ipasavyo, ikisema usalama wa mfumo ungehatarishwa. Mahakama ikachukulia kwamba kilichofichwa kingeiumbua Tume. Lakini seva peke yake haikuangusha uchaguzi ule. Karatasi nazo zilikuwa na kasoro: msajili wa mahakama alipozipitia, alikuta baadhi ya Fomu 34B, na hata Fomu 34C yenyewe ya matokeo ya mwisho, hazina alama za usalama. Isitoshe, mshindi alitangazwa kabla ya Fomu 34A zote kupatikana. Tume ilisema vituo 11,155 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kutosha, utetezi ambao hauingii akilini, kwani hilo hujulikana miezi kabla ya kura. Uamuzi ulitolewa Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili.

Mwaka 2022 hata nakala kamili ya seva haikutolewa. Kisingizio kilikuwa haki miliki za Smartmatic, kampuni iliyoiuzia Tume teknolojia ya uchaguzi. Kisingizio kibaya, kwa maoni yetu. Kilichoiokoa Tume ni kwamba fomu halisi zililinganishwa na zile za kwenye tovuti na hazikuonekana tofauti za maana. Madai kwamba kuna mtu aliyezidaka njiani na kuzibadilisha yakakosa ushahidi, na Septemba 5 majaji wote wakatupa kesi.

Mhariri, huku Marekani tulihesabu tena na bado watu wanabishana. Kwa nini Georgia waliaminiwa zaidi ya Arizona? (Msomaji, Minneapolis)

Georgia, Novemba 2020, walioendesha kazi ni maafisa wa kaunti zote, kwa utaratibu uliotangazwa mapema, waangalizi wa vyama wakiwa ukumbini. Kura za urais kama milioni 5 zilihesabiwa tena kwa mkono, na kasoro zilizojitokeza zilitajwa hadharani: kaunti ya Floyd ilikutwa na zaidi ya kura 2,000 ambazo hazikuwa zimehesabiwa.

Kaunti ya Maricopa, Arizona, mwaka 2021, viongozi wa chama cha Republican katika seneti ya jimbo waliajiri Cyber Ninjas, kampuni isiyo na uzoefu wa kazi hiyo. Mwanzoni wahesabu walipewa kalamu za wino wa bluu, rangi ambayo mashine huisoma kama alama ya mpiga kura, hadi mwandishi wa habari alipowatahadharisha. Kura zilimulikwa kwa taa ya urujuanimno bila maelezo yanayoeleweka ya kinachotafutwa. Ripoti ya Septemba 24 ilimwongezea Biden kura 99 na kumpunguzia Trump 261. Matokeo yalikaribiana na yale rasmi, ila upande uliotilia shaka kura haukukubali na upande uliotilia shaka wakaguzi haukuhitaji kuambiwa.

Mhariri, wakala akikataa kutia saini, fomu imebatilika? (Msomaji, Likoni)

La. Kukataa peke yake hakuharibu matokeo, ila wakala hutakiwa kuandika sababu yake, na asipoandika, msimamizi huandika kwamba amekataa. Wakala mwerevu huiandika sababu hiyo kwa tarakimu, mfano "tumehesabu 212, fomu inasema 272", badala ya "hatujaridhika". Aombe kura zihesabiwe tena papo hapo, sanduku likiwa bado wazi. Likishafungwa na kusafirishwa, atahitaji amri ya mahakama. Na kesi ya kupinga urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tu tangu rais atangazwe.