Je, tiba ya kiwewe kwa kufuatisha vidole kwa macho ni uganga?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Miaka 3 iliyopita nilinusurika ajali ya basi, mdogo wangu akafia ubavuni mwangu. Mpaka leo nikisikia breki zinalia natetemeka mwili mzima, na usiku nashtuka nimelowa jasho. Nimesomewa ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua kwa mgonjwa) mara nyingi. Sasa hospitali wamenielekeza kwa mtaalamu anayepitisha vidole mbele ya macho, nami nivifuate huku nikilikumbuka tukio. Shangazi anasema huo ni uganga wa kizungu, na mwenye imani hauhitaji. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Pole sana dada yangu, Allah amrehemu mdogo wako.

Nianze na hilo la imani, maana naona ndilo linalokuchoma zaidi. Wahshi ndiye aliyemuua Hamza, ami yake Mtume (s.a.w.), kule Uhud. Miaka ikapita, akasilimu, akaja mbele ya Mtume. Imo katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume alimuuliza kama ni yeye aliyemuua Hamza, kisha akamwomba, kama anaweza, auweke uso wake mbali naye. Uislamu wake ulipokelewa na kisasi hakikulipwa, lakini kuutazama uso ule kulikuwa kuzito. Huyo ni Mtume wa Allah! Basi nani akwambie wewe kwamba kutetemeka kwako ni upungufu wa imani?

Ama tiba yenyewe, inaitwa EMDR. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa tiba linazopendekeza kwa wenye kiwewe. Mgonjwa yuko macho na akili yake timamu, halazwi usingizi. Analeta akilini picha ya tukio, macho yanafuata vidole kulia na kushoto kwa muda mfupi, anapumzika, anasema kilichomjia, wanaendelea. Hapo hakuna hirizi, hakuna ubani, hakuna jini anayeitwa wala mtu anayedai kujua ghaibu. Wataalamu bado wanajadiliana mwendo wa macho unasaidia vipi hasa, na mjadala huo hauigeuzi kuwa uchawi. Hata ruqya, Mtume (s.a.w.) alisema haina ubaya maadamu haina shirki, kama alivyopokea Muslim. Na ametuamrisha tujitibu. Kwa hiyo nenda, ni halali, na ruqya yako usiiache.

Ukimpata mtaalamu wa kike ndiyo bora. Usipompata, awepo maharimu wako au mlango ubaki wazi.

Jambo moja nakusihi. Vikao vya mwanzo huwa ni vya kukuandaa. Usimharakishe mtaalamu, na ukiona kumbukumbu inakuelemea mwambie asimame, hata kama ni katikati. Kuna wanaoota ndoto nzito siku chache baada ya kikao. Usiku huo soma Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayn (sura za Al-Falaq na An-Nas) kama kawaida yako, na ukiamka umechoka mno kusimama, swali umekaa, una udhuru.

Na kama kupanda gari kwenda huko ndiko kunakokutisha, mwombe shangazi yako huyo huyo akusindikize. Akifika aingie ndani, akae, aone kinachofanyika kwa macho yake.

Wallahu a'lam.