Kwa wanaoanza kuuza kwa kamisheni mtandaoni: anzeni na njia ya malipo

Wadogo zangu wa Lubumbashi, swali mnaloniuliza zaidi ni "nipakue programu gani?" Mimi huwarudishia swali lingine: pesa yenyewe itakufikiaje? Nimeona vijana hodari wakisambaza linki za bidhaa za kampuni za nje wiki nyingi, ili wapate kamisheni mtu akinunua, kamisheni ikaonekana kwenye akaunti, halafu ikabaki hapohapo kwa sababu kampuni haina njia ya kumlipa mtu aliye Kongo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money tunazotumia sokoni kila siku hazimo katika njia za malipo za kampuni nyingi za nje. Hundi ya Amazon, duka kubwa la mtandaoni, haitoki mpaka kamisheni ifikie dola 100, na malipo huja takriban siku 60 baada ya mwezi uliouza kwisha. Kwa hiyo soma ukurasa wa malipo kabla ya ule wa asilimia ya kamisheni, kisha nenda benki yako ukaulize wanapokea nini kutoka nje na wanakata kiasi gani. Kama hujapata jibu hilo, usipakue chochote.

La pili ni mnunuzi. Jirani yako wa Katuba huenda hana kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, na hata akiwa nayo, kifurushi kitafikishwa wapi? Ndiyo maana nawashauri mwanze na vitu visivyosafirishwa, kama masomo ya mtandaoni, programu za kompyuta au huduma ya kuhifadhi tovuti, au mwandike kwa ajili ya ndugu zetu walio Ubelgiji, Kanada na Afrika Kusini.

Sasa tuje kwenye vyombo. Komisyonere (dalali) wa nyumba humfikisha mteja mlangoni ili mwenye nyumba ajue nani kamleta. Linki yako hufanya kazi hiyo: ina namba yako, na mteja akiibofya, kuki, yaani alama ndogo inayokumbusha kwamba umemleta wewe, huwekwa kwenye simu yake. Kuki hiyo ina muda. Ya Amazon ni saa 24. Bidhaa ikiwekwa kikapuni ndani ya saa hizo, mauzo yanaweza kuhesabiwa yako hadi siku 90. Mteja akibofya Jumatatu, asiweke kitu kikapuni, akarudi mwenyewe kununua Jumatano, wewe hupati kitu. Mipango mingine ya kamisheni hutoa siku 30 au zaidi. Kwangu mimi muda huo una uzito kuliko asilimia, maana watu wetu hawanunui haraka: huuliza kwanza, husubiri mshahara.

Usitumie linki moja kila mahali. Mipango mingi ya kamisheni hukuruhusu kuongeza alama yako mwishoni mwa linki, au kutengeneza namba kadhaa za ufuatiliaji. Weka moja kwa Facebook, nyingine kwa kundi la WhatsApp, nyingine kwa makala yako. Halafu fungua jedwali la Google Sheets: bidhaa, linki, mahali ulipoiweka, tarehe, mibofyo, mauzo. Ruhusu jedwali lifunguke bila intaneti, ili SNEL ikikata umeme na wifi ikazimika uendelee kuandika kwenye simu. Jedwali hili ni la bure, na linafaa kuliko vyombo vingi vya kulipia, kwa sababu baada ya miezi michache litakuonyesha mahali gani panauza na mahali gani panakula mega zako za intaneti bure.

Tahadhari moja hapa. Alama za UTM (maneno yanayoongezwa mwishoni mwa linki kuonyesha mgeni katokea wapi), zinazosomwa na Google Analytics, chombo cha kupima wageni wa tovuti, hukuonyesha wageni wanaokuja kwenye tovuti yako. Ukizibandika kwenye linki inayokwenda kwa muuzaji, takwimu anaziona yeye.

Canva inatosha kwa picha. WhatsApp Business ina lebo za kupanga wateja na majibu ya haraka. Itumie, lakini usiwaingize watu kwenye kundi bila ruhusa yao. Chombo cha kulipia kisubiri mpaka kamisheni yenyewe ikilipe.

Na waambie watu wazi kwamba ukiuza unapata kamisheni. Mji wetu ni mkubwa, ila habari ya udanganyifu hutoka Ruashi ikafika Kamalondo kabla ya jioni. Usinunue kupitia linki yako mwenyewe, Amazon haihesabu. Bei usiiandike kwa mkono, maana itabadilika na wewe utaonekana mwongo.

Usikimbilie kujiandikisha Amazon kabla hujawa na wasomaji: ukijiunga, unatakiwa kufikisha mauzo 3 ndani ya siku 180, la sivyo akaunti inafungwa. Kila mwanzo wa mwezi, bofya linki zako zote uone kama zinafika. Mwaka 2025 mtandao wa kamisheni wa ShareASale ulihamishiwa mtandao mwingine, Awin, na linki za zamani zikahitaji kukaguliwa moja moja. Mwenye jedwali anajua kila linki yake iko wapi.