Jibu: Uviko wodini, walikuja nao au waliupata humu?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, wagonjwa watatu wa wodi moja wamekutwa na Uviko, na mganga mfawidhi anataka kujua waliutoa wapi.

Anza na tarehe ya kulazwa na tarehe dalili zilipoanza, siyo tarehe ya majibu ya maabara. Hiyo huwapoteza wengi. Dalili ndani ya siku mbili za kwanza, yaelekea alikuja nao. Zikianza baada ya siku 14, kaupata humo humo. Wa katikati ndio kazi, na bila kuona mafaili siwezi kukuamulia.

Kisha fuatilia uhamisho: nani alitoka kitanda kipi kwenda kipi, lini. Kule Durban mwaka 2020, hospitali ya St Augustine's, wachunguzi waliona kuhamisha wagonjwa wodi hadi wodi kulichangia sana. Waliambukizwa wagonjwa 39 na wafanyakazi 80! Kwa hiyo orodha yako iwe na wauguzi, wafanya usafi, hata ndugu wanaolala na mgonjwa.

Usisahau chumba cha chai, maana huko barakoa huvuliwa. Hilo halimo kwenye faili, waulize wa zamu ya usiku.