Barua kwa mwanangu: habari ya kuhamia kwa yule bibi wa Rosedale, Toronto

Mwanangu Zuhura,

Salamu kwanza. Sisi wazima, presha ya mama yako imeshuka, yeye anasema ni bamia mimi nasema ni dawa, tumeachana hapo. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ile ya kwanza nilikuwa kwenye daladala sikuambulia kitu. Umeniuliza, Baba unaonaje, yule bibi ninayemhudumia Rosedale anataka kutupa besmenti yake, kule chini ya nyumba, tukae, kodi nusu ya hii tunayolipa huku ghorofani, tuhamie au tubaki? Ukasema nijibu kwa kifupi. Mimi na kifupi unatujua. Nakuandikia kwa sababu nikirekodi voisi mama yako anaingilia kati na kumaliza yeye.

Sasa, Rosedale, ule mtaa wa majumba hapo Toronto, naijua. Usicheke. Siku zile 40 za 2012, uzazi wa Faraji, mama yako alikuwa hataki mwanaume ndani saa ya kukukanda, kila asubuhi natolewa nje kama paka. Ilikuwa Oktoba, nimevaa lile koti la mumeo linalonifika magotini. Nashuka na lifti ile yenye harufu ya bizari za nchi nne, nikitoka chini nageuka kuangalia maghorofa, kila moja limepewa jina la mji wa kwao Canada, Halifax, Winnipeg, yaani umejaza nchi nzima kwenye kiwanja kimoja. Kisha nafuata Glen Road, napita kile kihandaki chini ya barabara ya Bloor, natokea kwenye daraja la waenda kwa miguu. Chini kuna korongo, magari yanapita huko chini kabisa katikati ya miti. Ukimaliza daraja uko Rosedale. Dakika mbili, labda tatu kwa miguu yangu. Upande huu watu wamepangwa kama barua kwenye kabati, upande ule nikaanza kusikia viatu vyangu mwenyewe.

Nilikuwa naenda kila siku. Mimi mtu wa posta, miaka 31 nimewapangia watu barua kwenye masanduku, wao ndio wanaifuata barua. Kule barua ndiyo inamfuata mtu mpaka mlangoni, tarishi anatembea na mkoba nyumba kwa nyumba, nikawa namfuata kwa mbali ili nijue mitaa, maana ile mitaa imepinda kama njia ya mbuzi, inafuata makorongo, unatembea nusu saa unajikuta ulipoanzia. Nikaja kusoma kwamba lote lile lilikuwa shamba la mtu mmoja, sherifu aliyeitwa Jarvis, alilinunua 1824, mkewe Mary akalipa jina kwa sababu ya mawaridi ya mwituni yaliyokuwa yameota huko kwenye miteremko. Baadaye wakakata viwanja. Waridi mimi sikuona, Oktoba ilikuwa imeshaingia. Niliona miti. Ile ya jani la bendera yao, nyekundu mpaka unadhani kuna mtu kawasha taa ndani. Na kindi weusi tii, wanene, hawamwogopi mtu. Mumeo akaniambia mti ukishafika unene wa sentimita 30 huwezi kuukata hata kama uko uani kwako, mpaka upate kibali cha jiji, nikamkumbuka mama yako alivyouangusha mwarobaini wetu asubuhi moja, kibali hakuomba hata kwangu.

Lakini unajua ninachosema siku zote, mtaa bila duka si mtaa. Nilitembea pale siku nyingi sikuona mtu anauza hata njiti ya kiberiti. Lipo lile duka la vyakula kule Summerhill, sawa, lakini lile sihesabu, unaingia kununua nyanya unatoka umepoteza nauli. Na lipo soko la Jumamosi chini ya bonde, kwenye kile kiwanda cha zamani cha matofali, chenye bomba la moshi refu limeandikwa VALLEY, mlinipeleka siku moja na kigari cha mtoto. Pale nilifurahi. Udongo umechimbwa kwenye lile shimo, ukachomwa palepale, majengo mengi ya jiji yakajengwa kwa matofali yake, na hapo ndipo watu wanapouziana maboga. Nikamwambia mumeo kumbe soko wanalo, wamelificha shimoni. Ila kule juu kwenye majumba hakuna. Na duka silitaki kwa sababu ya sukari, unanielewa, nalitaka kwa sababu dukani mtu anaweza kusimama. Ukiwa mgeni, umechoka, hujui nyumba unayoitafuta, unasimama dukani, unanunua hata pipi, hakuna anayekuuliza. Mahali pasipo na duka ukisimama tu umeshakuwa swali.

Basi ndiyo tunafika kwenye kile kimlango.

Najua umeshaisikia, ila hukuwahi kuisikia yote, kwa sababu usiku ule ulinikatiza. Nilikuwa napita nyumba moja ya matofali mekundu, haina ua, haina geti, majani yamekatwa mpaka barabarani, kwa macho yangu ya Temeke mahali pasipo na ua ni njia. Ubavuni mwa nyumba, kule magari yanakoingilia, karibu na mlango wa jikoni, nikaona kimlango ukutani. Kidogo, unaweza kukifunika kwa gazeti lililofunguliwa, kiko usawa wa kiuno changu, mbao imepakwa rangi ya kijani juu ya rangi juu ya rangi mpaka pembe zimekuwa za mviringo, na kitasa cha shaba kama ncha ya kidole gumba. Mimi nikajua hili ni sanduku la vifurushi! Nikasema hawa watu wameendelea, kifurushi kinaingia ndani ya ukuta. Nikaingia kuangalia. Nikainama. Nitasema ukweli, nikakigusa kile kitasa.

Nyuma yangu nikasikia, naweza kukusaidia? Mzee wa rika langu, sweta la sufu, ameshika reki ya majani.

Mimi nikafurahi sana. Nikamwambia ndiyo, bwana, unaweza, nisaidie, hiki ni cha nini? Nikamwambia mimi ni mstaafu wa posta natoka Dar es Salaam, binti yangu yuko hapo ng'ambo ya daraja amejifungua mtoto wa kiume kilo tatu na nusu. Yule mzee akanitazama kidogo. Kisha akacheka, uso ukabadilika. Akasema ni cha maziwa. Zamani muuza maziwa alikuwa anakuja alfajiri, anafungua huku nje, anaweka chupa ndani ya ukuta, anachukua chupa tupu na hela zake, mwenye nyumba anafungua kwa ndani anachukua maziwa wala hajatoka na baridi. Akasema subiri. Akazunguka akaingia ndani, nikasikia anagonga gonga maana rangi ilikuwa imegandisha, mara kikafunguka, na mkono wake ukatokea ukutani, ukanipungia. Mimi nikaushika ule mkono. Tukasalimiana kupitia ukutani, wazee wawili, tunacheka kama watoto.

Nilirudi nimeruka lile daraja. Nikawasimulia wewe na mumeo, mama yako hakuamini kwamba mtu anaweza kujenga tundu la maziwa. Wewe ulikuwa unanyonyesha. Ukaweka kikombe cha uji chini, ukaniambia taratibu, Baba, huku mtu akikuuliza hivyo hakusaidii, anakuuliza unatafuta nini hapa. Ukasema angeweza kupiga simu polisi. Ukasema usirudi kule peke yako.

Nikasema sawa. Siku mbili nikawa naishia kwenye maduka ya mtaa wa Parliament, naangalia bei za viazi.

Nimelifikiria hilo jambo miaka sasa. Upande mmoja nasema, hata mimi nikimkuta mtu uani kwangu ameinama anachokonoa kidirisha, sitamuuliza naweza kukusaidia, nitamuuliza kwa rungu. Yule mzee kosa lake nini? Alicheka, alihangaika na ile rangi, alinipa mkono. Halafu upande mwingine nasema, alinifungulia mlango wa maziwa, ule mwingine hakuufungua. Na hapohapo najijibu, kwani uliubisha? Hukuubisha. Basi nanyamaza, kesho yake naanza upya. Na kitu chenyewe kinachoniuma, nikikwambia usikasirike, siyo yeye. Ni vile ulivyonieleza wewe. Ulikuwa na miaka minne tu kule na ulikuwa umeshaijua ile sauti.

Usiku ule sikulala, mama yako alidhani ni baridi. Nilikuwa namfikiria babu yako alivyokuwa mpishi Oysterbay, na hapa kuna kipande sijawahi kuwasimulia watoto. Ilikuwa 1957, nina miaka saba, enzi hizo Oysterbay ni Uzunguni kwelikweli, mwafrika anayelala kule ni wa banda la uani tu, na banda lenyewe haliruhusiwi mgeni. Mama yangu akatoka na mimi Kisarawe, lori mpaka Kariakoo, kutoka pale kwa miguu, kikapu cha mihogo kichwani. Tulipofika bwana mkubwa ana wageni wake, baba hawezi kutoka. Tukasimama chini ya mkungu, jua linahama na sisi tunahama. Askari akapita na baiskeli akamuuliza mama, unataka nini hapa? Mama akasema namngoja mume wangu. Askari akasema mngojee Kariakoo. Hakuna duka, hakuna genge, mahali pa kusema nimesimama hapa nanunua kitu. Tukasogea kidogo tukarudi, tukasogea tukarudi. Mimi kiu imenishika nalia. Baadaye sana michongoma ikatikisika, ukatokea mkono wa baba na kopo la maji. Uso sikuuona. Mama akapitisha mihogo kwa chini, muhogo mmoja mmoja, kwa sababu kikapu hakikupita.

Siku hizi Oysterbay hiyohiyo watu wanapanga foleni Coco Beach kununua mihogo ya kukaanga. Mimi nikienda naagiza ya mia tano zaidi ya ninayoweza kula.

Sasa usiseme Baba analinganisha. Silinganishi. Yule bibi yako si bwana mkubwa, umesema mwenyewe anakula wali wa nazi mpaka anaomba ukoko, na amekutolea besmenti kwa moyo wake. Na ardhi ile haimjui mtu milele. Pale Chorley Park, lile bustani tulilokaa siku mlinipiga picha na kofia ya mumeo, palikuwa na jumba kama kasri, la mwakilishi wa mfalme kwa jimbo lile. 1937 wakalifunga, likaja kuwa hospitali ya askari, 1956 wakimbizi wa Hungary wakalazwa humohumo, na mwanzoni mwa miaka ya 60 wakalibomoa lote, limebaki daraja la kuingilia tu, linaingia kwenye majani. Kwa hiyo kama wakimbizi wamelala kwenye kasri, wewe na kazi yako na kodi yako utashindwaje besmenti. Hilo nalisema pia.

Na nusu ya kodi ni hela. Mimi sikatai hela.

Kwa hiyo sikuambii hamia wala sikuambii usihamie, mama yako amenikataza, amesema wewe ni mtu mzima na mimi nina mdomo. Ila kuna vitu niulizie kwa huyo bibi, kwa adabu, kabla hujafunga hata kisanduku kimoja. Nyie mtaingilia mlango gani. Rafiki zako wa kikundi wakija na masufuria yao Jumapili, na kelele zao, watapita wapi, na wakikosea nyumba watasimama wapi. Watoto wa bibi wanaokuja sikukuu wanajua kama mpo, au watawakuta tu. Na siku bibi akiondoka, Mungu ampe umri, hiyo ahadi ya kodi imeandikwa mahali au iko kwenye kumbukumbu yake.

Na Faraji. Hilo ndilo ninalolizunguka tangu mwanzo, naona umeshalijua. Ana miaka 13, picha uliyotuma amekupita bega, kofia ya sweta kichwani, na unasema anarudi mpirani saa mbili usiku. Hapo ghorofani akisimama mlangoni kuna watoto 20 wamesimama kama yeye. Kule atakuwa anatembea peke yake chini ya ile miti, na mimi namjua ni mchunguzi, akiona kitu ukutani atainama akiguse, amenirithi. Zungumza naye. Usimtishe, lakini zungumza naye, halafu umuulize yeye anataka kukaa wapi, mimi nimeona hakuna aliyemuuliza. Kama angekuwa mtoto wangu ningesema... basi, naacha, mama yako anasoma juu ya bega langu.

Anauliza Faraji anavaa kiatu namba ngapi sasa hivi, kuna mtu anasafiri mwezi ujao.

Na kesho ukifika kazini, nyumba ya bibi si ya zamani ile? Zunguka upande magari yanakoingilia, karibu na mlango wa jikoni, angalia ukutani usawa wa kiuno. Kama kipo kipige picha, kikiwa wazi kama kinafunguka, maana mama yako mpaka leo anasema nilikitunga.

Baba yako