Makadamia yangu yachanua sana, mbona haizai?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina mti mmoja wa makadamia wa miaka minane, nilioupanda ukiwa mche wa kubebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha mti mwingine. Kila msimu unajaa mashada ya maua, lakini kokwa ninazookota hazijazi kikapu. Sasa majani machanga yanatoka ya manjano, mishipa yake tu ndiyo ya kijani. Huwa naupa mbolea ya dukani ya DAP na samadi ya kuku kila msimu, na naupalilia kwa jembe hadi shinani. Niuongezee mbolea gani?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Usiongeze chochote kwa sasa, na hiyo DAP iache kabisa.

Asili ya makadamia ni misitu ya mvua ya mashariki mwa Australia. Mti huu umeumbwa kujitafutia kirutubisho cha fosforasi kwa shida: karibu na uso wa ardhi huotesha vishada vya vijizizi vyembamba mfano wa brashi, vinavyotoa tindikali ya kufungua fosforasi iliyong'ang'aniwa na udongo. Wewe unamwagia DAP, ambayo kila kilo 100 ina kilo 46 za fosfeti (fosforasi jinsi inavyopimwa kwenye mbolea), kisha juu yake samadi ya kuku, nayo ina fosforasi nyingi. Ikizidi, mti hushindwa kutumia madini ya chuma hata kama yamo udongoni.

Nasema hivyo kwa sababu ya mahali manjano yalipoanzia. Chuma kikishatua kwenye jani hakihami, kwa hiyo kikipungua wanaoumia ni majani machanga. Nitrojeni huhama: mti ukiikosa huyanyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga, hivyo manjano huanzia chini. Majani makuukuu machache yakigeuka manjano na kudondoka, hilo lisikutishe. Mti wa kijani mwaka mzima nao hupukutisha, ila kidogo kidogo hata usitambue.

Kuna mshukiwa mwingine, chokaa au majivu. Udongo ukipoteza uchachu, chuma hufungika vilevile. Makadamia hupenda pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 5 hadi 6.5. Kwa hiyo pima udongo kabla ya kununua kitu. Kunyunyizia majani dawa yenye chuma kutayarudishia rangi kwa muda, lakini fosforasi iliyorundikana udongoni haiondoki kwa msimu mmoja. Kipimo chako kiwe majani ya machipuo yajayo.

Jembe nalo liweke kando. Vile vijizizi viko juu juu, na kila palizi unavikata. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha tandaza majani makavu chini ya kivuli chote cha mti, ukiacha nafasi ya shibiri moja kuzunguka shina. Gome likikaa na unyevu huvamiwa na ugonjwa wa kuoza shina.

Sasa kokwa. Shada moja hubeba maua 100 hadi 300, na hata kwenye shamba linalotunzwa vizuri yanayofika kuwa kokwa ni machache mno. Kumwagika kwa maua peke yake si ugonjwa. Ila mti wako uko peke yake, na makadamia hujichavusha kwa uvivu. Huzaa vizuri zaidi ukipata chavua ya aina nyingine. Nasisitiza aina nyingine, maana miche miwili iliyobebeshwa aina ileile ni sawa na mti mmoja uliopandwa mara mbili. Kama huna nafasi ya mti wa pili, tafuta fundi akubebeshee tawi la aina nyingine kwenye huohuo ulio nao. Wanaobeba chavua ni nyuki hasa, kwa hiyo usipulize dawa ya wadudu maua yakiwa wazi.

Wiki za mwanzo baada ya maua, vikokwa vikiwa vidogo kama punje za mahindi, mti usikose maji. Kiu ya wakati huo huangusha hata vile vilivyokwisha kushika. Zilizokomaa utazipata miezi sita au saba baada ya maua, nazo hujidondokea zenyewe, usizitikise mtini. Ziokote mapema, hasa kama unafuga mbwa, maana kwake makadamia ni sumu.